Je, Wajua? Tembo wa Tabora na Bei Inayotajwa Kabla ya Nyundo Kugonga

Je, wajua kwamba sarafu ya dhahabu inayosifika kuliko zote za enzi ya Mjerumani ilitoka kwenye mwamba wa Singida?

Anayetoka Ilongero akafika Singida mjini, kisha akashika barabara ya Nzega, atapita Misigiri na kuukuta Mlima Sekenke, ule ambao madereva wa malori wa zamani waliuogopa kwa kona na mteremko wake. Mlima unajulikana, mgodi umesahaulika. Wajerumani walichimba dhahabu Sekenke kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na huo ndio uliokuwa mgodi wao mkubwa wa dhahabu katika koloni zima la Afrika Mashariki.

Vita ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari na fedha kutoka Berlin zikakwama huko huko. Serikali ya kikoloni ikajichapia noti za muda, lakini mpagazi na muuza mtama hawakuona sababu ya kuiamini karatasi ya serikali inayokimbia. Walitaka kitu kinacholia kikigongwa mezani. Basi mwaka 1916 mafundi wa reli ya Tabora wakageuzwa wapiga sarafu. Maganda ya risasi na ya mizinga yakawa sarafu ndogo za heller 20, za shaba ya njano, zaidi ya milioni moja. Dhahabu ya Sekenke ikawa rupia 15.

Upande mmoja kuna tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo ameinua mkonga mbele ya mlima. Mchoro ni wa mhandisi wa reli aliyeitwa Vogt, na sonara kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, ndiye aliyechonga muhuri. Chini ikawekwa herufi T, yaani Tabora. Kwa karakana ya kutengenezea vichwa vya treni, kazi ile ni nzuri mno. Zilipigwa 16,198 tu, kisha tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora.

Kuna jambo ambalo wanaoisifu sarafu hiyo hulipita haraka. Rupia 15 zilihesabiwa kuwa sawa na mark 20 za Ujerumani, na sarafu ya dhahabu ya mark 20 ilikuwa na gramu 7.168 za dhahabu safi. Tembo wa Tabora ana uzito wa gramu zile zile 7.168, ila dhahabu ndani yake ni asilimia 75. Aliyemwuzia Mjerumani chakula akalipwa tembo alipunjwa robo nzima ya dhahabu, na mzani peke yake haupimi usafi wa dhahabu. Bei iliyoandikwa juu ya sarafu hii ilikuwa na walakini tangu siku ya kwanza.

Je, wajua nani hutaja bei ya sarafu kabla haijauzwa, na anaitaja kwa faida ya nani?

Siku hizi tembo wa Tabora hupita kwenye minada ya Ulaya na Marekani mara kwa mara. Katika katalogi, chini ya picha, huandikwa namba mbili, ya chini na ya juu: haya ndiyo makadirio. Msomaji wa kawaida huyachukua kama vipimo vya mtaalamu, mfano wa daktari anayesoma joto la mgonjwa. Sivyo. Anayekadiria ni kampuni ile ile inayouza, na ujira wake unatokana na sarafu hiyo kuuzwa.

Wafugaji wa Singida wanamfahamu mtu huyu. Mnadani, dalali anayesimama kati ya mwenye ng'ombe na mnunuzi hulipwa biashara ikifanyika. Hana haja kubwa ya kukupatia bei ya juu kuliko zote. Haja yake ni mpeane mikono kabla jua halijazama. Kwa mwenye ng'ombe anayesitasita kuja naye, atasema bei nono. Kwa mnunuzi anayepita, atasema bei ya kumsimamisha. Maneno yote mawili ni yake, na ng'ombe ni yule yule.

Kampuni ya mnada wa sarafu nayo ina wateja wawili wa kuwapendeza. Mwenye mkusanyiko mzuri wa sarafu huwa anabembelezwa na kampuni kadhaa, na iliyomtajia bei kubwa ndiyo inayoelekea kumpata. Hapo makadirio hupanda. Akishaweka sahihi, kazi inageuka: sasa wanatafutwa wanunuzi, na hakuna kinachowaleta kama namba ya chini inayoonekana kama bahati. Hapo makadirio hushuka. Ndiyo maana kampuni moja yaweza kuwa na ukurasa wenye bei za kutia moyo kupita kiasi na ukurasa unaofuata wenye bei za kutupa, bila mtu yeyote kuwa amekosea hesabu.

Kisha kuna namba ya tatu, ambayo haichapwi: kiwango ambacho mwenye mali hakubali kushuka chini yake. Katika minada mingi mikubwa desturi ni kwamba kiwango hicho kisizidi ile namba ya chini ya makadirio. Kwa hiyo, kama kuna siri moja ambayo makadirio hukupa kwa hakika, ni hiyo: ukifika namba ya chini, muuzaji ameshakubali. Namba ya juu haikuambii chochote cha namna hiyo. Katika baadhi ya minada ya Ujerumani, ambako sarafu za koloni lao hupendwa sana, zabuni hufunguliwa kwenye asilimia 80 ya makadirio, na wanunuzi wazoefu husoma makadirio yao wakijua hivyo.

Je, wajua kwamba makadirio na bei inayotangazwa magazetini si vitu vya kulinganishwa?

Makadirio huhusu bei ya nyundo pekee, yaani zabuni ya mwisho bila ada. Mnunuzi akishinda, huongezewa ada ya kampuni, ambayo siku hizi mara nyingi ni kama asilimia 20 au zaidi. Matokeo yanapotangazwa, ada imeshaingizwa ndani. Ndiyo sababu kampuni husema kwa fahari kwamba sarafu "imevuka makadirio", hali nyundo iligonga ndani kabisa ya makadirio hayo.

Mfano mzuri ni sarafu ya Marekani ya dola 20 ya mwaka 1933, moja ya zile zilizopigwa na kisha kuyeyushwa karibu zote kabla hazijatoka. Moja inaaminika iliwahi kuwa ya Mfalme Farouk wa Misri. Julai 2002 ilipigwa mnada New York kwa makadirio ya dola milioni 4 hadi 6. Nyundo iligonga kwenye milioni 6.6. Ada ya asilimia 15 ikaongeza dola 990,000. Lakini bei iliyoandikwa duniani kote ni dola 7,590,020. Hizo 20 za mwisho zililipwa kwa serikali ya Marekani ili kipande hicho kihesabiwe kuwa fedha halali, maana kilikuwa hakijawahi kutolewa rasmi. Sijui kodi nyingine iliyowahi kulipwa kwa furaha kama hiyo.

Sarafu hiyo hiyo ikarudi mnadani Juni 2021 kwa makadirio ya milioni 10 hadi 15, ikaenda kwa takriban milioni 18.9, ada ndani.

Je, wajua kwamba wasomi wa uchumi wamewahi kuwapima wakadiriaji?

Waliowapima zaidi ni wale wa michoro, kwa sababu kumbukumbu za mauzo ya michoro ni nyingi. Orley Ashenfelter aliandika mwaka 1989 kwamba makadirio ya minada huenda sambamba kwa karibu sana na bei zinazopatikana. Hiyo ni sifa njema. Ila mwaka 2005 Jianping Mei na Michael Moses, wakichunguza michoro iliyouzwa zaidi ya mara moja, walikuta kwamba kwa vitu vya bei kubwa makadirio huegemea juu, na kwamba walionunua vitu vilivyokadiriwa kwa ukarimu mkubwa walipata faida ndogo walipouza baadaye. Kwa maneno mengine, kadiri kitu kinavyokuwa cha fahari, ndivyo neno la mkadiriaji linavyohitaji kuchujwa.

Sarafu zina nafuu kidogo kuliko michoro. Mchoro ni mmoja. Sarafu ina ndugu zake waliopigwa kwa muhuri mmoja, na ndugu hao wameshauzwa. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, lilipo jibu la swali kama makadirio yanaaminika: usimtazame mkadiriaji, tazama ni mara ngapi kitu cha aina hiyo kimeshauzwa hadharani. Tembo wa Tabora wameuzwa mara nyingi kiasi kwamba mkadiriaji akitia chumvi ataonekana. Kwa kitu kinachotokea mara moja katika kizazi, anakisia tu, hata akivaa tai.

Mwaka 2020 London ilipigwa mnada sarafu ya dhahabu ya Kirumi iliyotolewa na Brutus kutangaza kuuawa kwa Julius Caesar. Zinazojulikana ni chache mno. Makadirio yalikuwa pauni 500,000. Nyundo iligonga kwenye milioni 2.7, na pamoja na ada ikawa milioni 3.24. Makadirio yalikosea zaidi ya mara tano, na hakuna aliyelalamika. Kilichokuja kuwa uongo kwenye katalogi hakikuwa bei bali historia ya sarafu: hati za umiliki wake wa zamani zilikuwa za kughushi, mkurugenzi wa kampuni iliyouza akakamatwa New York, na Machi 2023 sarafu ikarudishwa Ugiriki. Bei hukaguliwa na wanunuzi wote ukumbini, na ni wachache wanaokagua karatasi.

Mwezi huo huo wa mnada wa Brutus, Oktoba 2020, dola ya fedha ya Marekani ya mwaka 1794 ilipandishwa mnadani Las Vegas. Mwaka 2013 ilikuwa imenunuliwa kwa dola 10,016,875, bei kubwa kuliko zote za sarafu wakati huo. Safari hii zabuni hazikufika kiwango cha mwenye mali, ile namba ya tatu isiyochapwa, ikarudi nyumbani. Ilikuja kuuzwa faraghani mwaka 2022 kwa milioni 12.

Je, wajua kwamba tembo wawili wa Tabora wanaofanana hawana bei moja?

Kwanza wako wa aina mbili. Pambo lililo kulia kwenye upande wa tai huishia chini ya herufi A katika neno OSTAFRIKA kwa aina moja, na chini ya herufi T kwa nyingine. Aina moja zilipigwa 9,803, nyingine 6,395. Kuna watu wazima, wenye kazi zao na familia, wanaotumia kioo cha kukuza kutazama pambo hilo kabla ya kutamka bei.

Pili, hali ya sarafu. Tangu miaka ya 1980 kuna kampuni za Marekani, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, zinazopokea sarafu, kuzipa alama kati ya 1 na 70, na kuzifungia ndani ya plastiki ngumu. Hatua mbili tatu za alama zaweza kuzidisha bei maradufu. Kuna pia kasoro ambazo hakuna alama inayozifuta: tembo wengi wa Tabora walitobolewa au kuchomelewa kikonyo wakawa vidani, na kidani, hata kiking'aa vipi, huuzwa kwa bei inayosogelea dhahabu yake tu.

Dhahabu yake ni kiasi gani? Gramu 5.4 hivi. Dhahabu ilipovuka dola 2,000 kwa aunsi kwa mara ya kwanza, Agosti 2020, ile iliyo ndani ya tembo mmoja ilikuwa ya dola kama 345. Kipande kizuri, hata hivyo, huenda kwa dola elfu kadhaa. Tofauti hiyo ndiyo inayokadiriwa, na ndiyo inayowavutia waghushi. Nakala za tembo ziko nyingi, nyingine za dhahabu halisi.

Hapa niseme jambo dogo kwa wenye sarafu za babu kwenye kopo. Msizisugue. Majivu, ndimu, dawa ya meno, vyote huondoa ngozi ya juu ya chuma, na mnunuzi mzoefu huona mikwaruzo hiyo kabla hajauliza jina lako. Sarafu chafu hukadiriwa kama sarafu. Iliyosuguliwa hukadiriwa kama chuma.

Je, wajua kwamba "rupia ya Mjerumani" inayosakwa mitaani kwa mamilioni ni sarafu ya kawaida kabisa?

Habari hizi zinafika hata vijijini: kuna tajiri, haonekani, anatafuta rupia ya Mjerumani, analipa mamilioni, ila kwanza utoe pesa kidogo ya kupimia. Rupia yenyewe ipo na ni nzuri kutazama. Ni ya fedha, ina uzito wa gramu 11.66 sawa na rupia ya India ya wakati ule, na juu yake kuna Kaiser Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma. Zilipigwa Ujerumani kwa wingi kuanzia 1890 hadi 1914. Kwa kuwa ni nyingi, zimeuzwa mara nyingi, na kwa kuwa zimeuzwa mara nyingi, bei yake inajulikana: ni ya kiasi. Zenye thamani zaidi ni zile za rupia 2 za mwaka 1893 na 1894.

Mnada wa kweli hukata ada yake baada ya sarafu kuuzwa. Anayetaka ada kabla ameshauza tayari: amekuuzia wewe.

Je, wajua kwamba mwaka ulioandikwa kwenye sarafu waweza usiseme lolote?

Riali ya Maria Theresa, iliyotumika Ethiopia, Arabuni, Omani na Zanzibar, daima huandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo. Wafanyabiashara walizoea sura ile wakakataa nyingine, hivyo ikaendelea kupigwa ikiwa na mwaka huo huo. Italia ilipojiandaa kuivamia Ethiopia mwaka 1935 ilipata mihuri yake kutoka Austria, na Uingereza na Ufaransa nazo zikaanza kuzipiga. Wengi wanaomiliki riali ya "1780" wanamiliki sarafu ambayo ni ya karne ya 20. Mkadiriaji mwaminifu hutazama nukta, manyoya na lulu za bruchi. Asiye mwaminifu husoma mwaka kwa sauti.

Sayyid Barghash wa Zanzibar alijaribu kujitoa kwenye utegemezi wa sarafu za kigeni. Mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, alitoa riali zake za fedha na hata za dhahabu, pamoja na pesa za shaba zenye picha ya mizani. Riali zake hazikuishinda rupia ya India. Leo zile za dhahabu ni adimu sana, na zile pesa za mizani ni za bei ya kununulia mtoto zawadi.

Je, wajua kwamba mfalme mmoja ana sarafu ya pauni milioni moja na senti ya bei ya soda?

Edward wa Nane wa Uingereza alitawala kuanzia Januari hadi Desemba 1936, akaacha kiti kabla sarafu zenye sura yake hazijatolewa Uingereza. Zilibaki za majaribio chache, na moja, pauni ya dhahabu, ilinunuliwa mwaka 2020 kwa pauni milioni moja. Lakini kwetu Afrika Mashariki senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu katikati. Hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na jina lake tu, na zilikuwa zimeshapigwa kwa mamilioni. Ukiikuta senti ya 1936 yenye tundu, isome: huenda ukaona EDWARDVS VIII. Hiyo ndiyo sarafu ya mfalme asiye na sarafu, na makadirio yake hayana utata wowote, kwa kuwa ni rahisi.

Je, wajua kwamba kuna dhahabu ya Kilwa?

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba. Maneno ya upande mmoja huwa yana kina na ya upande wa pili, kama beti fupi, na hazina tarehe. Tano zilikutwa na mwanajeshi wa anga mwaka 1944 kwenye Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wanabishana zilifikaje. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa zama ambazo Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, ilichimbuliwa Zimbabwe Kuu. Mwaka 1991 Helen Brown akaandika katika jarida la *Azania* kuhusu sarafu 3 za dhahabu zenye jina la sultani huyo.

Vipande vitatu havimpi mkadiriaji pa kusimama; namba yoyote atakayoandika ni nzuri sawa na nyingine. Na kwa zitakazookotwa upande huu wa bahari kuna jibu jingine kabisa: Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na havitoki nchini bila kibali. Tembo wa Tabora, wa mwaka 1916, yuko nje ya mstari huo kwa miaka 53.